Jiwe la Mwalimu Mariamma

Mara ya kwanza jiwe lake lilipopotea, Mwalimu Mariamma alidhani ni mbuzi. Mara ya pili alidhani ni watoto waliokuwa wakicheza. Mara ya tatu hakudhani tena. Alijua ni mtu, na hasira ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki wala haitemeki.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule mwaka mvua zilipogoma nchi nzima na unga wa njano ukaletwa kwa meli kutoka Marekani. Pale Temeke, kwenye barabara ya vumbi iendayo Tandika, palikuwa na duka moja la ushirika, na muuzaji wake aliitwa Fakihi. Lori la chakula, unga mwingi na mchele kidogo, lilikuja Ijumaa alasiri. Fakihi aliuza Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka magunia yaishe. Nani angesimama foleni usiku kucha, naye ana watoto, ana mgonjwa, ana kazi? Basi watu waliweka mawe. Kila nyumba na jiwe lake, moja nyuma ya jingine, kutoka dirisha la duka mpaka kwenye bomba la maji. Ukishaliweka unakwenda zako kulala. Asubuhi Fakihi anafungua dirisha, ananyoosha kidole chini, anasema, "Mwenye hili!" Nawe unapiga hatua mbele na kikapu chako.

Jiwe la mtu lilikuwa mtu. Hakuna aliyelisogeza, hakuna aliyeliruka. Hata walevi wakirudi nyumbani walilizunguka, na wengine waliomba radhi.

Na kama jiwe lako halipo, wewe hupo. Unakwenda mkiani, na mkiani mchele haufiki.

Mariamma alikuwa mgeni. Alitoka Kerala, kusini kabisa mwa India, akaja kwa mkataba wa miaka miwili kufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari upande wa Chang'ombe. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo shule ikampangia chumba katika nyumba ya Bi Mwanaheri. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uwanja nyuma, na wanawake wote walipika hapo uwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, hana mume, na ngozi yake nyeusi kama ya mtu wa Lindi. Hilo la ngozi liliwasumbua watu.

"Mhindi gani mweusi hivi?" waliulizana mbele yake, kana kwamba hakuwepo. "Nywele za Kihindi, sura ya Kihindi, rangi yetu!"

"Kaungua na jua njiani. India mbali."

Mwaka wa kwanza aliyacheka haya. Alicheka alipoulizwa mume yuko wapi, na kama kwao wanakula nyoka. Alicheka watoto walipomfuata njiani wakiimba, "Mhindi, pipi! Mhindi, pipi!" kwa kuwa Wahindi waliowajua wao walikuwa na maduka, na kwenye maduka kulikuwa na pipi. Alipofungua sanduku lake la bati siku ya kwanza, akatoa ndani ya sari kuukuu jiwe jeusi, refu kama kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, laini kama sabuni, uwani kote kulilipuka kicheko.

"Jamani! Kavuka bahari na jiwe! Kwani Tanzania hakuna mawe?"

Lilikuwa jiwe la kusagia viungo. Mama yake alilitumia, na kabla yake bibi yake, na mikono yao ilikuwa imelilainisha pande mbili. Bamba la chini alichongewa na wapasua mawe wa Kunduchi. Kila jioni alichuchumaa uwani akasaga pilipili, nazi na binzari, na kila alipomaliza alilisafisha, akakunja kitambaa, akakiweka chini ya jiwe ili lisiviringike. Mwishoni mwa mwaka ule hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wanaomba awasagie.

Aliyemtunza zaidi ya wote alikuwa Ma Kokuberwa wa chumba cha pili, mjane kutoka Bukoba mwenye watoto wanne, mfagizi wa zahanati, wa kwanza kuamka kwenda kuteka maji. Mariamma alipopata malaria mwezi wake wa pili, Ma Kokuberwa ndiye aliyemkanda kwa maji, akamtilia limau kwenye uji, akamshika mkono mpaka zahanati kama mtu anayemsindikiza mdogo wake. Alimfundisha kuwasha jiko la mkaa bila kulia moshi, na namna ya kufunga khanga isianguke. Kanisani walikaa benchi moja. Mariamma alimwita dada, na hakulisema neno hilo kwa adabu tu.

Mwaka wa pili ndipo njaa ilipoingia, na kicheko kikamwishia.

Tumbo lake lilikataa unga wa njano. Watu waliuita unga wa Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi, na kwenye foleni mashabiki wa Simba waliapa kwamba heri wafe. "Mtakula tu!" walijibiwa. "Njaa haina timu!" Mariamma naye alijaribu kuula. Alitapika. Alikuwa mtu wa wali tangu kuzaliwa, na wali ulipatikana kwa jiwe tu, na jiwe lake lilikuwa likipotea.

Jumamosi ya tatu alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Polikarpo, fundi cherehani aliyeshona barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za vijana wetu?"

"Vijana wazima. Mzee, jiwe langu limeondolewa tena. Wiki tatu sasa."

Mzee Polikarpo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Una shahidi?"

"Sina."

"Jiwe halina mdomo, mwalimu." Alimtazama juu ya miwani. "Lakini tuseme ukweli. Kwani wewe huna ndugu kule mjini? Uhindini maduka yote yale! Watu wanasema."

"Watu wanasema nini?"

"Si mimi, mwalimu. Watu. Wanasema Mhindi halali njaa."

Damu ilimpanda Mariamma mpaka masikioni. Alitaka kumwambia kwamba alikwishakwenda. Mwezi uliopita alipanda basi mpaka Uhindini, akaingia duka la kwanza aliloliona. Mwenye duka alimsemesha Kigujarati, lugha asiyoijua hata neno moja. Akamjibu kwa Kiingereza. Mwenye duka akamwangalia ngozi, akahamia Kiswahili: hakuna mchele, mama. Kisha akamsogelea akanong'ona, na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli, "Nikikuuzia mlango wa nyuma, kesho nafungwa. Usirudi." Akampa binzari na ukwaju, akavifunga kwenye gazeti, akakataa malipo. Hivyo ndivyo alivyorudi Temeke, na kifurushi cha gazeti kwapani, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Lakini hasira ilimfunga ulimi. Alisema tu, "Mimi sina duka, mzee. Nina chaki."

Mzee Polikarpo aliona aibu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Basi fanya hivi," alisema. "Mawe yako ni ya kuokota, yamefanana na mengine. Weka jiwe linalojulikana. Mtu akiligusa, mtaa mzima utajua."

Wiki ile shuleni alikuwa moto. Wanafunzi arobaini na sita, vitabu tisa. Alinakili hadithi nzima ubaoni, nao wakanakili kutoka ubaoni, na kila siku ilikuwa hivyo. Jumatano walimu na wanafunzi walilima shamba la muhogo la shule, na yeye naye na jembe, na malengelenge. Pale shambani Gaspar, mwalimu wa siasa, alimtania kama kawaida yake.

"Mwalimu, wewe ulitawaliwa na Mwingereza, nami nilitawaliwa na Mwingereza. Sasa unakujaje kunifundishia watoto lugha yake?"

Siku nyingine angecheka. Siku ile alichomeka jembe chini kwa nguvu. "Mwambie waziri wako aliyeniita! Nimechoka kuulizwa kwa nini nipo!"

Majembe yote yalisimama. Msichana mmoja wa kidato cha nne, Atuganile, akamsogezea kibuyu cha maji. Mariamma alikunywa. Hakusema asante, na baadaye usiku jambo hilo lilimuuma.

Mkuu wa shule, Bwana Leodegar, alimwita ofisini. Alimpa kiti chake mwenyewe, kwa kuwa kingine kilivunjika mguu, akasimama yeye.

"Mwalimu, karatasi ya mkataba. Miaka miwili mingine. Wizara wanataka jibu Jumatatu ya pili kutoka leo. Usiposaini, kidato cha nne wataingia mtihani bila mwalimu wa Kiingereza. Sina mwingine."

"Najua."

"Utasaini?"

Mariamma aliikunja ile karatasi mara nne. "Mkuu, nchi hii inanihitaji darasani. Dukani hainitaki. Siwezi kuishi darasani."

Alisema hivyo na kutoka. Moyoni alikuwa amekwisha amua: kama Jumamosi jiwe lake litakuwapo, atakaa. Kama halipo, anakwenda kwao, na kidato cha nne watamsamehe au wasimsamehe.

Ijumaa, lori lilipofika, alichukua jiwe la mama yake.

Bi Mwanaheri alimwona akitoka nalo. Alikuwa mama mtu mzima wa Kizaramo, na alimwita Bi Mariamu tangu siku ya kwanza, akisema jina lile jingine limeongezwa mkia bure.

"Bi Mariamu! Hilo unalipeleka wapi?"

"Foleni."

"Hee! Mwanangu, jiwe la foleni ni la kuokota. Halitakiwi kuwa na mama."

"Balozi kasema niweke linalojulikana."

"Polikarpo anajua suruali. Hasira hasara, mwanangu. Rudisha hilo."

"Hasara nimeshaipata, Bi Mwanaheri. Niachieni basi hasira."

Akaliweka la nne, nyuma ya jiwe la Ma Kokuberwa lililokuwa la tatu. Watu waliokuwapo walilitazama. Kila mmoja alilijua. Jeusi, laini, limelala kwenye vumbi katikati ya vipande vya tofali kama mgeni aliyekosa kiti. Ma Kokuberwa alikuwapo pia. Alilitazama kuliko wengine wote, kisha akainama akafunga upya khanga yake, ingawa haikuwa imelegea.

Asubuhi Mariamma alitoka mapema, saa kumi na mbili na nusu. La kwanza lilikuwapo. La pili lilikuwapo. La tatu, kipande cha tofali cha Ma Kokuberwa, lilikuwapo. Nyuma yake palikuwa na alama tu kwenye vumbi, ndefu, kama kitanda kilichoachwa na aliyeamka.

Watu waliokuwa wamefika walisikia sauti ambayo hawakujua kama anayo.

"Nani? Nani kachukua? Lile ni jiwe la mama yangu! Mama yangu amekufa, nyie! Mnachukua jiwe la maiti kwa ajili ya kilo mbili za mchele?"

"Taratibu, mwalimu..."

"Sitaki taratibu! Mwaka wa pili nasema taratibu! Watoto wenu nawafundisha mpaka sauti inakauka, nalima muhogo wenu, naugua malaria yenu, halafu mnasema nina duka! Liko wapi duka langu? Nionyesheni! Niende nikachukue mchele!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na mwenzake akampiga kiwiko. Fakihi alifungua dirisha, akatazama, akafunga tena nusu. Mzee Polikarpo alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo, akauliza kila mtu, na kila mtu aliapa. Waliangalia mtaroni. Walipata mawe yake matatu ya zamani huko, yamekaa pamoja kwenye tope. La nne halikuwamo.

Hakusubiri mkiani. Aligeuka akarudi nyumbani mikono mitupu, anatembea haraka. Alipita ukumbini mpaka uwani.

Jiwe la mama yake lilikuwa juu ya bamba lake.

Lilikuwa limeoshwa, na maji hayajakauka bado. Na chini yake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kimesukumwa vizuri ili lisiviringike.

Mariamma alisimama akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Mwizi angelitupa. Mpita njia mwema angeliacha mlangoni. Nani angejua habari ya kitambaa? Ni mtu aliyemtazama akisaga kila jioni. Ni mtu anayeamka alfajiri kabla ya nyumba nzima, akabeba ndoo, akapita mbele ya duka kwenda bombani.

Aliketi kwenye kibao akangoja. Kwenye saa tatu Ma Kokuberwa aliingia na kikapu chake. Alimimina mchele kwenye ungo, akaanza kuchambua. Hakuinua macho.

"Dada," alisema Mariamma.

"Abee."

"Ni wewe."

Vidole vya Ma Kokuberwa viliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja, cha pili. Kisha vikasimama.

"Yale matatu uliyatupa mtaroni. Hili ukalirudisha. Kwa nini hili ulilirudisha?"

"Hilo ni la mama yako," Ma Kokuberwa alisema polepole. "Ningelitupaje jiwe la mama yako?"

"Lakini mimi ulinitupa!" Mariamma alikuwa amesimama. "Jiwe ulilionea huruma. Umeliosha, umelitandikia kitambaa. Mwenye jiwe hukumwonea huruma! Mimi si mtoto wa mama huyo huyo?"

"Usipige kelele, mwalimu, watoto..."

"Usiniite mwalimu! Wewe uliniosha nilipokuwa naumwa! Angekuwa mtu mwingine, dada, angekuwa mtu mwingine yeyote!"

Ma Kokuberwa aliweka ungo chini. Naye sasa alikuwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeshikwa. "Unataka nikwambie? Nitakwambia. Jumamosi ile ya kwanza ya mchele kidogo, wewe ulikuwa mbele yangu. Mchele uliishia kwako. Kwako! Mtoto wangu mdogo, unga ule unamharisha damu, nawe unajua. Nikasema, huyu ana mshahara wa serikali, ana ndugu Uhindini, nimemwona kwa macho yangu akirudi na kifurushi. Yeye hatakufa. Mie wa kwangu atakufa. Basi."

"Kifurushi kilikuwa binzari."

"Sikujua."

"Ungeuliza! Tunalala ukuta kwa ukuta! Mtaa wote ungeamini nina duka, lakini wewe? Chungu changu umekiona kitupu. Ulidhani nafunga?"

Ma Kokuberwa aliinuka. Alichukua bakuli, akachota mchele, akamnyooshea. Mariamma aliutazama ule mchele na njaa ilimkata tumbo, lakini alirudi nyuma.

"Mpe mtoto," alisema, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Wiki nzima nyumba ile ilikuwa kama nyumba ya msiba usio na maiti. Mariamma alikula mihogo ya kuchemsha. Asubuhi alikuta ndoo ya maji mbele ya mlango wake, imejazwa. Aliyamwaga kwenye mchicha wa Bi Mwanaheri, akaenda bombani mwenyewe. Siku ya pili ndoo ilikuwapo tena. Aliyamwaga tena.

"Mchicha wangu utaoza," Bi Mwanaheri alisema siku ya nne. "Nyie gombaneni, mie mboga zangu zimekosa nini?"

Mariamma karibu acheke, akajizuia. Ile karatasi ya mkataba ilikuwa bado imekunjwa mara nne kwenye pochi yake. Kwenda kwao alikwisha amua. Kilichomsumbua ni kuondoka hivi, kama jiwe lililotupwa, bila mtu kusema hadharani kwamba hapa palikuwa na mtu.

Ijumaa hakuweka jiwe. Jumamosi alfajiri alibeba kibao chake cha kukalia, akaenda akaketi mkiani, nyuma ya mawe yote, karibu kabisa na bomba.

"Mwalimu, jiwe liko wapi leo?" mtu alimtania.

"Ni mimi mwenyewe," alisema. "Nitupeni mtaroni tuone."

Saa moja kasoro watu walikuwa wamejaa. Ma Kokuberwa alitokea bombani na ndoo yake kichwani, akamwona pale. Akatua ndoo. Alitembea mpaka mbele, kwenye jiwe lake la tatu, akaliokota, akalishika tumboni kwa mikono miwili.

"Sikieni," alisema. Wachache waligeuka, akarudia. "Sikieni, nyie. Aliyekuwa anatupa jiwe la mwalimu ni mie."

"Acha masihara, Ma Kokuberwa."

"Si masihara. Mie. Mara tatu nimetupa mtaroni, na mara ya nne nikalirudisha nyumbani. Hana duka. Hana ndugu Uhindini. Chungu chake ni kitupu, na mie niliye jirani nilikuwa najua na sikutaka kujua. Balozi, niandike ukitaka."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua maana yake. Mtu aliyegusa jiwe la mwenzake hataaminiwa tena kwenye foleni ile, wala bombani, wala kwenye chama cha kufa na kuzikana. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni. "Mjane mzima!" alisema. "Haya hana?"

Ma Kokuberwa alipita mbele yao wote na jiwe lake mpaka mkiani, akaliweka nyuma ya kibao cha Mariamma, akasimama. Hakumtazama.

Pale mbele, baada ya jiwe la pili, pakabaki pengo. Hakuna aliyesogeza jiwe lake kulijaza.

Fakihi alifungua dirisha. "Mwenye hili!" La kwanza. "Mwenye hili!" La pili. Kisha kidole chake kikaelekea kwenye vumbi tupu. Akatazama watu. "Na hapa? Nani hapa?"

Watu walitazamana. Halafu vichwa vikageuka, kimoja kimoja, vyote kuelekea mkiani.

Hasira ilimpanda Mariamma upya. Kwa nini aamue yeye? Walimtupa bila kumuuliza, sasa wanamrudisha bila kumuuliza! Alitamani kukaa pale pale, pengo libaki, liwachome macho wote.

"Mie siuzi kwa shimo," Fakihi alisema. "Kuna mtu au hakuna mtu?"

Mariamma aliinuka. Alichukua kibao chake, akapita kando ya mawe yote, polepole, mpaka mbele, akasimama kwenye pengo.

"Yupo," alisema.

Alipimiwa kilo mbili. Mchele ulikuwa mweupe, wenye chuya, na harufu yake ilimletea machozi, akayafuta kwa hasira kwa ncha ya sari. Hakuondoka. Alisimama kando ya mtaro na kikapu chake, jua likapanda, foleni ikapungua. Mchele uliisha bado watu tisa. Wakaanza kupimiwa unga wa njano. Ma Kokuberwa alikuwa wa mwisho. Alipokea unga wake, akaufunga, akageuka kwenda, akakuta njia imezibwa.

"Fungua khanga," Mariamma alisema.

"Mwalimu, usi..."

"Fungua khanga, nimesema! Mtoto anaharisha na wewe unampelekea nini hiki?"

Ma Kokuberwa alinyoosha ncha ya khanga. Mariamma alimimina mchele, hakupima, akakadiria nusu kwa macho. Punje nyingine zilianguka kwenye vumbi na wote wawili walichuchumaa kuziokota, kwa kuwa mwaka ule hakuna aliyeacha punje.

"Asante, mdo..."

"Usinishukuru. Sijakusamehe." Aliokota punje nyingine, akaipuliza vumbi. "Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo muda mrefu. Na kesho usiniwekee ndoo, mchicha wa Bi Mwanaheri unaoza."

"Basi utakwenda bombani mwenyewe?"

"Nitakwenda."

"Na mgongo ule unaoulalamikia?"

"Wa kwangu, si wako."

Ma Kokuberwa aliinamisha kichwa. Walirudi nyumbani kwa njia moja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Jumatatu Mariamma aliingia ofisini kwa Bwana Leodegar, akaikunjua karatasi juu ya meza. Mikunjo ilikuwa imechakaa, na pembeni mwa sahihi yake palikuwa na alama ya kidole, ya manjano, ya binzari.

Bwana Leodegar alisoma, akavua miwani. "Mwalimu, tumefurahi. Nilijua utatuzoea."

"Sijawazoea," Mariamma alisema. "Nami nina ombi. Ijumaa nipe ruhusa kipindi cha mwisho."

"Unaumwa?"

"Lori linakuja alasiri. Nataka nikaweke jiwe langu."

"Lile la mama yako? Habari yake imefika mpaka huku."

"La kuokota," alisema, akachukua chaki mezani na kwenda darasani.